Kwa nini pikipiki ya umeme hukataa chaja ya kasi

MHUDUMU wa bodaboda ambaye pikipiki yake ya umeme imekataa chaja ya kasi asikimbilie kulaumu betri. Kwanza airejeshe kwenye chaja iliyouzwa pamoja nayo; ikijaa, yaelekea betri si chanzo cha tatizo.

Mara nyingi kiini cha tatizo huwa volti. Betri za pikipiki nyingi hapa nchini ni za volti 72 hivi, ilhali chaja nyingi za kasi za magari haziwezi kushuka chini ya volti 150. Hata plagi ikilazimishwa kuingia, umeme hautapita, na heri iwe hivyo.

Volti zikilingana, chunguza mawasiliano. Chaja hungoja kifaa kinacholinda betri kiiarifu kiasi cha umeme kinachohitajika. Kisipojibu, haianzi kazi. Kagua pini za plagi iwapo zina kutu au matope. Betri iliyopata moto kwa kupanda milima nayo hupunguza kasi ya kujaa, hivyo ipoe kivulini kwanza.

Fundi akikushawishi aunganishe nyaya ili kukwepa kifaa hicho, kataa katakata. Betri ya lithiamu ikijazwa kupita kiasi yaweza kushika moto.