Mshale, Mwanga na Grafu: Jinsi Sauti Ilivyopata Sura

Fundi wa studio akifungua leo programu ya kusawazisha sauti, kioo cha kompyuta kinajaa milima na mabonde yanayocheza na muziki. Tumeyazoea hata tunayaona ni mapambo. Ukifuata historia yake, utakuta kila mchoro ulitokana na shida iliyowasumbua watu kazini.

Tuanze na watu wa redio na simu nchini Marekani. Katika miaka ya 1930 mita za kupimia sauti zilitofautiana, na kipimo cha kituo kimoja hakikuaminika kwenye kingine. Mwaka 1939 maabara ya Bell pamoja na NBC na CBS walikubaliana kutumia mita moja, VU. Mshale wake ulichukua milisekunde 300 hivi kufika kwenye alama, mwendo unaokaribia namna sikio linavyohisi ukubwa wa sauti. Kwa mwimbaji ulifaa sana. Lakini pigo la ngoma lilikuwa limekwisha kabla haujanyanyuka sawasawa. BBC ya Uingereza ilichagua mshale mweupe juu ya uso mweusi, wa kuruka haraka kukifuata kilele na kushuka taratibu ili jicho liwahi kuusoma.

Mita zote mbili zilipima sauti inayopita. Hatua ninayoiheshimu kuliko zote ilikuja na kompresa ya LA-2A, aliyoibuni Jim Lawrence mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ndani yake sauti huwasha kibamba cha mwanga. Sauti ikizidi, mwanga huongezeka, na kihisi kilicho mbele yake huibana sauti hiyo. Pembeni kuna kihisi cha pili kinachopokea mwanga uleule, nacho kazi yake ni kuendesha mita tu. Mshale unaporudi nyuma, fundi anajua ni desibeli ngapi zimepunguzwa muda huohuo. Angalia ustadi huo: mashine inatoa taarifa ya kitendo chake yenyewe, kwa mwanga uleule unaokitenda.

Kompyuta zilipoingia, uaminifu huo ulilegea kidogo. Programu ya Q10 ya kampuni ya Waves, iliyotoka mwaka 1992, ilichora mstari wa ikwalaiza na kumruhusu fundi kuuvuta kwa kipanya. Yalikuwa maendeleo makubwa kwa mtu aliyezoea kukisia kwa kutazama vifundo. Hata hivyo, mstari ule ulieleza fundi ameagiza nini. Wimbo wenyewe ulikuwa na nini ndani, haukusema.

Auto-Tune ya mwaka 1997, programu ya kurekebisha noti za mwimbaji, iliziba pengo hilo upande wa uimbaji. Mbunifu wake, Andy Hildebrand, alikuwa amechambua mitetemo ya ardhi kwa ajili ya watafuta mafuta. Katika grafu yake uliona noti iliyoimbwa, na juu yake noti unayoitaka. Kwenye ikwalaiza, Pro-Q ya FabFilter ya Uholanzi, mwaka 2009, iliweka mstari wa fundi juu ya grafu hai ya masafa ya sauti, na mtindo huo umeenea kote.

Hatari yake ni ya kweli: fundi anaona kilima, anakikata, kumbe sikio halikulalamika. Chris Johnson wa Airwindows amechukua msimamo mkali, programu zake nyingi hazina grafu. Namwelewa, ila kihisi cha pili cha Lawrence nisingekitoa.