Kalenga, Iringa ya Kwanza

Ukitoka Iringa mjini kwa barabara ya Hifadhi ya Ruaha, baada ya kilomita kama 15 unafika Kalenga. Ni kijiji kama vingine vya Uhehe: nyumba za tofali, mashamba ya mahindi, na Ruaha Mdogo ukipita pembeni. Wageni wengi wanaokwenda kutazama tembo hupita bila kusimama. Wanadhani Iringa wameiacha nyuma. Kumbe Iringa ya kwanza ni hii.

Kwa Kihehe, lilinga ni ngome. Neno hilo ndilo lililokuja kuandikwa Iringa, na ngome yenyewe ilikuwa hapa, makao ya Mtwa Mkwavinyika, ambaye wengi tunamwita Mkwawa. Mahali pake palichaguliwa kwa akili. Mto ulitoa maji, na bonde lilikuwa na ardhi ya kulima na malisho ya ng'ombe. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliuvamia msafara wa Wajerumani pale Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Walijua kisasi kitakuja, lakini walikuwa na ukuta wa mawe na udongo wa kuwakinga.

Bonde hilo hata hivyo lina kasoro moja: vilima vinalitazama kwa juu. Mkuki haufiki kutoka kilimani hadi bondeni, lakini kombora la mzinga linafika. Wazee husimulia kuwa jina la Tosamaganga, kilima cha ng'ambo ya mto, linatokana na siku zile: tosa maganga, yaani rusha mawe. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliingia ndani ya ngome. Mkwawa alitoroka, akapigana msituni karibu miaka minne, hadi alipojipiga risasi mwaka 1898 asikamatwe. Mwili wake ulizikwa Mlambalasi. Kichwa kilichukuliwa.

Jina nalo likachukuliwa. Mwaka 1896 Wajerumani walianzisha kituo kipya juu mlimani, mahali ambapo wao ndio wangetazama wengine kwa juu. Wakakiita Iringa. Soko, ofisi na barabara vikafuata huko, na ngome ya zamani ikabaki kijiji.

Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Ilichukua miaka 35. Gavana Edward Twining alilitafuta katika jumba la makumbusho la Bremen, kati ya mafuvu mengi yaliyokusanywa kutoka makoloni, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa mtawala. Juni 1954 alilikabidhi hapa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Wapo wanaouliza kama kweli ni lenyewe. Swali ni la haki, lakini aibu yake si ya Kalenga. Ni ya waliokusanya vichwa vya watu wengi kiasi kwamba kumtambua mmoja kukahitaji rula.

Leo fuvu limo katika makumbusho madogo ya kijiji. Ukuta umebaki kidogo sana, sehemu kubwa imerudi kuwa udongo wa shamba. Ukipita njia ile, simama. Tembo watakusubiri.