Gradius na joto la asubuhi

Katika michezo mingi ya kurushiana risasi angani, ukiokota zawadi unapewa papo hapo. Gradius, iliyotolewa na Konami ya Japani mwaka 1985, ina utaratibu mwingine. Chombo cha mchezaji, Vic Viper, kinaelekea kulia huku mandhari yakisogea yenyewe, na kila kidonge kinachookotwa kinahamisha taa hatua moja kwenye mstari wa silaha chini ya skrini: kasi, kombora, bunduki ya pili, leza, tufe linalomfuata na kufyatua kila anachofyatua, kisha ngao. Achukue kasi sasa, au asubiri leza? Mvumilivu hula mbivu, lakini hapa hulipuliwa pia kabla hazijaiva. Akifa, silaha zote zimekwenda na maji, naye anarudi kukabiliana na sanamu za Moai zinazotema pete akiwa na kibunduki kimoja.

Ugumu huo ulimshinda hata Kazuhisa Hashimoto, aliyeshughulikia toleo la mwaka 1986 la mashine ya nyumbani ya Famicom. Ili aweze kulijaribu, aliingiza njia ya mkato: juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Ukibonyeza hivyo mchezo ukiwa umesimamishwa, unapata karibu silaha zote. Kaseti zikaingia sokoni bila njia hiyo kuondolewa, na baadaye mchezo wa Contra ukaifanya maarufu kwa kuwapa wachezaji maisha 30.

Toleo hilo la nyumbani lilikuwa na matufe mawili tu, ilhali mashine ya sarafu ilikuwa na manne. Basi anayetaka Gradius kamili huishia kuitafuta bodi ya awali ya mashine hiyo, na hapo ndipo kazi ilipo.

Bodi hiyo, Bubble System, ilihifadhi mchezo katika viputo vidogo vya sumaku. Viputo havifanyi kazi vikiwa baridi, kwa hiyo mashine ikiwashwa huanza kwa kujipasha joto, namba zikihesabu kurudi nyuma na muziki mpole ukipigwa. Ni utangulizi mzuri kuliko wa michezo mingi ya leo. Ila sumaku ya nje inaweza kuvuruga data, na bodi nyingi zimeshakufa. Konami yenyewe ilihamia upesi kwenye chipu za kawaida. Nemesis, jina la mchezo huu nje ya Japani, haihitaji kupashwa joto. Asiyetaka kuhangaika na vyuma vikuukuu ana mkusanyiko wa Gradius Origins, uliotoka Agosti 2025.

Wakusanyaji wana kiu nyingine tena: kaseti ya Famicom iliyotolewa kama zawadi ya kutangaza tambi za kikombe ziitwazo Archimendes. Haikuuzwa dukani. Ramani ni zilezile, maadui walewale, isipokuwa vidonge vya silaha vimegeuzwa vikombe vya tambi, na kwa vikombe hivyo watu hulipa bei ambayo kaseti ya kawaida haiikaribii.