Usiku wa Kuvuka Kigezi

Sehemu ya Tatu

Wiki iliyopita tuliwaacha askari wa Rais Idi Amin nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, kilimani Namirembe, usiku wa kuamkia Februari 5, 1977. Walipekua vyumba vyote, wakazamisha mikono mpaka ndani ya magunia ya simsim na karanga. Bunduki hawakuipata hata moja. Siku chache baadaye maaskofu wakamwandikia Rais barua ya kulalamika, barua ambayo Uganda ile hakuna aliyethubutu kuiandika. Sasa endelea…

Jumatano, Februari 16. Nje ya hoteli ya Nile Mansions, Kampala, askari wamejaa. Silaha zimepangwa hadharani, na maaskofu wamesimamishwa watazame. Yakasomwa maelezo marefu ya kumhusisha Luwum na Milton Obote, rais aliyepinduliwa. Kisha Makamu wa Rais, Mustafa Adrisi, akawageukia askari: watu hawa tuwafanye nini?

Wakapiga kelele kwamba wauawe.

Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, hakuhitaji mkalimani. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya jeshi, naye alikuwa amefundisha shule Dodoma kwa miaka. Luwum akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hawa watamuua, na kwamba yeye haogopi.

Hatimaye maaskofu wakaruhusiwa kwenda zao. Isipokuwa mmoja: Luwum alibakizwa, eti Rais ana maneno naye. Festo akasubiri nje mpaka askari wakamwamuru aondoke.

Kesho yake redio ikatangaza ajali ya gari. Luwum amekufa, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Namirembe kaburi lilikwisha kuchimbwa, lakini maiti haikuletwa. Ilipelekwa Mucwini, kijijini kwa marehemu, huko kaskazini, na waliofungua jeneza wakaona matundu ya risasi.

Aliyefuata kutafutwa alikuwa Festo.

Alipofika nyumbani Kabale, kule Kigezi, marafiki hawakumbembeleza. Walimwambia wazi kwamba askofu mmoja aliyekufa anatosha. Usiku ule ule yeye na mkewe, Mera, wakaingia garini wakaelekea mpakani, na barabara ilipokwisha wakashika njia ya miguu. Kigezi ni milima mitupu, yenye baridi inayopenya sweta. Giza, matelezi, pumzi zinakata. Gari lolote likisikika bondeni, huwezi kujua limebeba nani. Kulipopambazuka walikuwa wamekanyaga ardhi ya Rwanda, hai.

Msomaji mwingine atafunga simulizi hapa, aseme Bwana ameokoa. Mimi nasema mtihani ndio kwanza ulikuwa unaanza. Hofu ilikuwa imebaki nyuma ya mlima. Kilichovuka pamoja na Festo kilikuwa chuki. Kila habari iliyomfikia kutoka nyumbani, huyu kauawa, yule hajulikani alipo, iliipalilia.

Na Festo hakuwa mtu wa kuweza kuificha. Alikuwa wa Uamsho wa kiroho, ule uliowaka Gahini, Rwanda, ukaingia Uganda na Tanganyika, na ambao Luwum naye aliokokea ndani yake mwaka 1948. Ndugu wa Uamsho wana desturi inayomkosesha raha mtu mwenye cheo: kutembea nuruni. Ukiwa na kinyongo, unasimama mbele ya wenzako unakitaja kwa jina lake. Askofu hana msamaha wa pekee. Miaka yote Festo aliwahubiria wengine hivyo. Sasa alikuwa na uchungu ambao kila aliyeusikia alimwambia ana haki nao. Hapo ndipo penye hatari, maana nani atakayekukemea?

Ijumaa Kuu ya mwaka ule, Aprili 8, ilimkuta London, ameketi kanisani miongoni mwa watu wasiojua kinachomla. Yakasomwa maneno ya Yesu msalabani, ya kuwaombea msamaha waliomsulubisha. Festo aliyajua kwa moyo. Ameyahubiri mara ngapi?

Lakini siku hiyo swali likamjia, naye hakuwa na shaka nani anayemuuliza: je, kama askari aliyeshika nyundo siku ile angekuwa Idi Amin?

Itaendelea Jumamosi ijayo…