KUTOKA WEMBE WA KUNGWI HADI MASHINE YA MWANGA: HISTORIA YA UONDOAJI WA NYWELE ZA MWILI NA NAFASI YA NGOZI NYEUSI, KWA KUREJELEA MSAMVU, MOROGORO

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya karibuni, mashine ndogo za mwanga zinazoondoa nywele za mwili zimeingia majumbani katika sehemu nyingi za dunia. Mtumiaji wa mashine hiyo halazimiki kwenda hospitali wala saluni. Huigusisha kwenye ngozi, hubonyeza kitufe, na mmweko mmoja wa mwanga hupiga kipande kidogo cha mwili. Makala hii inaichukulia mashine hiyo kuwa hatua ya karibuni katika historia ndefu ya uondoaji wa nywele, na wala si suala la urembo peke yake. Aidha, inahoji ni mwili wa nani uliozingatiwa wakati mashine hiyo ilipobuniwa.

Msamvu ni mahali mwafaka pa kuulizia swali hili. Hapa ndipo barabara itokayo Dar es Salaam hugawanyika, moja ikielekea Dodoma na nyingine Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia. Kituo cha mabasi cha Msamvu huwakutanisha wasafiri wa mikoani na wakazi wa milima ya Uluguru wanaoshuka kutoka Mgeta, Matombo na Kinole. Bidhaa ndogondogo zinazopitia Kariakoo huweza kufika hapa kwa safari ya basi ya kilomita zisizozidi 200. Kwa hiyo, Msamvu ni mahali ambapo desturi za mlimani na vifaa vya ng'ambo hukutana.

Hoja kuu ya makala ni kwamba kila zana ya kuondoa nywele hubeba kipimo cha mwili fulani. Wembe wa kungwi ulipimwa kwa mwili uliokuwa mbele yake. Mashine ya mwanga ilipimwa kwa mwili mwingine, uliokuwa mbali na Msamvu.

2.0 Mkono wa Mwingine: Unyoaji kama Tendo la Kijamii

Lugha ya Kiswahili yenyewe ni ushahidi wa kwanza wa ukongwe wa suala hili. Wasemaji wake hawaridhiki na neno moja la nywele. Wanatenganisha nywele za kichwani, ndevu, sharubu, nyusi, kope, malaika na mavuzi. Vilevile, wanatenganisha kunyoa, kunyonyoa na kung'oa. Msamiati wa aina hii hukua mahali ambapo tendo limezoeleka na lina kanuni zake.

Miongoni mwa Waislamu wa pwani na bara, kuondoa nywele za kwapani na za sehemu za siri ni sehemu ya usafi unaosisitizwa na sunna, na mapokeo ya hadithi yameweka siku 40 kuwa muda wa mwisho wa kuziacha. Katika jamii nyingi za Tanzania, kichwa kilinyolewa katika nyakati za mpito kama vile kuzaliwa, kuingia au kutoka jandoni, na kumaliza msiba. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 kwa uhariri wa Carl Velten na kwa mchango mkubwa wa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kinaeleza kwa Kiswahili mila za uzazi, jando, unyago, harusi na mazishi ya watu wa Mrima. Morogoro haikuwa mbali na ulimwengu huo. Misafara ya Bagamoyo ilipita karibu na Simbamwene, mji wa Kisabengo, ambao Henry Morton Stanley aliupitia mwaka 1871.

Kwa Waluguru, jamii inayofuata ukoo wa mama, kuwekwa ndani kwa mwali kulikuwa njia kuu ya kumkabidhi msichana elimu ya mwili wake. Peter Pels, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu wamisionari na Waluguru, ameonesha jinsi mila za jando na unyago zilivyokuwa uwanja wa mvutano na majadiliano ya muda mrefu baina ya misheni na wenyeji. Usafi wa mwili, ukiwamo wa sehemu za siri, ni miongoni mwa mambo ambayo mafunzo ya unyago huyagusa katika jamii mbalimbali za Afrika Mashariki. Katika baadhi ya jamii hizo, nywele zilinyonyolewa kwa vidole vilivyopakwa jivu ili zisiteleze. Kwingineko mke alifundishwa kumnyoa mumewe.

Jambo la msingi hapa ni kwamba mnyoaji na mnyolewaji walikuwa watu wawili. Aliyeshika wembe aliiona ngozi, akajua ilipo laini na ilipo na kipele, na akaukaza au kuulegeza mkono wake. Methali isemayo mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, inapata maana yake katika mazingira hayo ya kunyoana kwa zamu. Hata hivyo, si sahihi kuupamba wakati uliopita. Mafunzo hayohayo yalimfunza msichana utii ambao hakuuchagua, na wembe uleule uliopita kutoka mwili hadi mwili ungeweza kupitisha maradhi.

3.0 Wembe wa Dukani, Uhaba na UKIMWI

Mwaka 1903, mwaka uleule ambao kitabu cha Velten kilichapishwa, kampuni ya King Camp Gillette nchini Marekani ilianza kuuza wembe mwembamba wa kutumia na kutupa. Katika mwaka huo iliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu. Mwaka 1915 kampuni hiyo ilitoa wembe maalumu kwa wanawake, na matangazo yakaanza kuwafundisha wanawake wa Marekani kwamba nywele za kwapani ni aibu. Ulinganisho huu una uzito wake. Mara nyingi huchukuliwa kwamba mwanamke wa Afrika aliiga uondoaji wa nywele kutoka kwa Wazungu. Ushahidi wa pwani na bara unaonesha kwamba yeye alikuwa na desturi hiyo tayari, tena kwa misingi ya usafi, dini na rika, kabla biashara haijaigeuza kuwa suala la haya.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na bidhaa za viwandani zikapata njia nyepesi ya kuingia bara. Wembe wa dukani uligeuka kitu cha kawaida kiasi kwamba ulipokosekana watu waliguswa. Wakati wa uhaba wa bidhaa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulioambatana na kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, vitu vidogo vya matumizi ya nyumbani vilikuwa adimu nchini kote.

Mwaka huohuo wa 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Elimu ya afya iliyofuata iliwataka wananchi wasichangie vitu vyenye ncha kali, na wembe ukatajwa sambamba na sindano. Katika jando, unyago na vibanda vya vinyozi, kanuni mpya ikawa kila mtu na wembe wake. Kanuni hiyo iliokoa maisha. Lakini pia ilibadilisha uhusiano wa kale. Tendo lililokuwa la watu wawili lilianza kuwa la mtu mmoja, nyuma ya mlango uliofungwa. Kwa maana hiyo, faragha ambayo mashine ya mwanga inaiuza leo ilikuwa imeandaliwa na wembe wa dukani na hofu ya UKIMWI.

Wembe haukuja bila kasoro. Nywele zilizojikunja, zikikatwa karibu na ngozi, huweza kurudi ndani yake na kusababisha vipele, makovu na weusi. Tatizo hili, ambalo wengi hulijua kwa jina la vipele vya ndevu lakini ambalo hutokea pia kwapani na kinenani, huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika. Hao basi ndio wenye sababu kubwa zaidi ya kutafuta njia isiyo ya wembe.

4.0 Mwanga Uliopimwa kwa Ngozi Nyeupe

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman tarehe 16 Mei 1960 katika maabara ya Hughes, California, kwa kutumia fimbo ya yakuti. Miaka michache baadaye, Leon Goldman, daktari wa ngozi wa Cincinnati, alianza kuchunguza athari za mwanga huo katika ngozi. Mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish walichapisha katika jarida la Science nadharia iliyoweka msingi wa tiba nyingi za leza. Nadharia hiyo inasema kwamba mwanga wa urefu fulani wa wimbi, ukipigwa kwa muda mfupi unaofaa, huweza kuunguza kitu kimoja ndani ya ngozi na kuacha vilivyo jirani.

Katika nywele, kitu kinacholengwa ni melanini, yaani rangi nyeusi iliyomo katika unywele na shina lake. Melanini hufyonza mwanga, mwanga hugeuka joto, na joto hudhoofisha shina. Mwaka 1996 Melanie Grossman, Anderson na wenzao walichapisha matokeo ya majaribio ya leza ya yakuti kwa watu 13 waliojitolea. Wote walikuwa na ngozi nyeupe na nywele nyeusi. Uteuzi huo haukuwa wa bahati nasibu, kwa kuwa mbinu hiyo ilitegemea tofauti kubwa kati ya rangi ya ngozi na rangi ya nywele. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi katika tabaka lake la juu, na hivyo hufyonza mwanga kabla haujafika kwenye shina. Matokeo yake yaweza kuwa kuungua, malengelenge, au mabaka meusi na meupe.

Kipimo cha rangi ya ngozi kinachotumiwa na watengenezaji nacho kina historia. Thomas Fitzpatrick alikibuni mwaka 1975 ili kukadiria kiasi cha mionzi kwa wagonjwa weupe waliotibiwa kwa mwanga. Mwanzoni kilikuwa na aina nne, nazo zilitofautishwa kwa namna ngozi nyeupe inavyoungua au kubadilika rangi juani. Aina ya tano na ya sita, yaani ngozi ya kahawia na nyeusi, ziliongezwa baadaye. Ngozi ya Mluguru, kwa hiyo, iliingia katika jedwali kama nyongeza.

Baadaye wanasayansi walipata njia salama zaidi kwa ngozi nyeusi, nayo ni leza ya nanomita 1064, ambayo mwanga wake hupenya ndani zaidi na haufyonzwi sana na melanini ya juu. Lakini hiyo ni mashine ya kliniki inayohitaji mtaalamu. Mashine za nyumbani zilizoenea tangu mwaka 2008, ilipoidhinishwa leza ya nyumbani nchini Marekani, nyingi hutumia taa ya mimweko yenye mawimbi mchanganyiko yanayofyonzwa kwa wepesi na ngozi nyeusi. Watengenezaji wengi huonya kwamba hazifai kwa ngozi nyeusi sana, na baadhi ya mashine zina kitambuzi kinachokataa kumweka kikiigusa.

5.0 Mashine Inapofika Msamvu

Hapa ndipo historia hizo mbili zinakutana. Anayesumbuliwa zaidi na vipele vya wembe ndiye ambaye mashine ya nyumbani haikumkusudia. Akinunua mashine yenye kitambuzi, huenda amenunua kifaa kisichowaka. Akinunua nakala ya bei nafuu isiyo na kitambuzi, huenda kikawaka na kumuunguza. Hali ya pili ni ya hatari zaidi, kwa kuwa mnunuzi huweza kudhani kwamba kuwaka ni dalili ya kufaa.

Suala la pili ni elimu. Kungwi alifundisha kwa lugha ya mwali na kwa kuutazama mwili wake. Mashine hufundisha kwa kijikaratasi, na mchoro wa rangi za ngozi uliomo hauna maana kwa asiyeelezwa kwamba rangi yake iko nje ya mipaka iliyokusudiwa.

Suala la tatu ni usimamizi. Marekani huziweka mashine hizi katika kundi la vifaa tiba. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2017, umeviingiza vifaa vya mwanga mkali vya kuondoa nywele katika sheria ya vifaa tiba hata pasipo lengo la kutibu. Nchini Tanzania, mabadiliko ya mwaka 2019 yalikabidhi vipodozi kwa Shirika la Viwango (TBS), huku dawa na vifaa tiba vikibaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kifaa kinachouzwa kama urembo lakini kinachofanya kazi kwa kuunguza tishu kinahitaji kutajwa waziwazi upande wake. Utaalamu wa kulisaidia hilo upo nchini, kwani kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa Afrika tangu mwaka 1992.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba uondoaji wa nywele za mwili ni desturi kongwe katika jamii za Waswahili na jirani zao. Kilichobadilika ni zana, na pia mtu aliyeishika. Mkono wa kungwi ulipisha wembe wa mtu mmoja mmoja, na wembe huo sasa unashindanishwa na mashine ya mwanga. Kila hatua ilitatua tatizo moja na kuzua jingine. Tofauti ya hatua ya sasa ni kwamba hitilafu iko katika kipimo chenyewe, si katika uzembe wa mtumiaji.

Kwa hiyo, mwanamke wa Msamvu anayeungua kwa mashine hiyo hapaswi kuambiwa kwamba hakufuata maelekezo. Maelekezo hayo, pamoja na mwanga wenyewe, yaliandaliwa kwa ngozi nyingine. Inafaa maonyo ya ngozi nyeusi yaandikwe kwa Kiswahili juu ya boksi, mahali ambapo mnunuzi atayaona kabla ya kutoa fedha. Inafaa pia tafiti za historia ya teknolojia nchini zianze kuuliza, kwa kila kifaa kinachougusa mwili, kilijaribiwa kwa nani.