Ile Nobel ya Kemia: Stori ya Damu Mliiruka

Oktoba 2025, Nobel ya kemia ilipotangazwa, simu yangu yote ilijaa Omar Yaghi. Na naelewa. Mtoto wa wakimbizi wa Kipalestina, amezaliwa Amman mwaka wa 1965, amelelewa kwa chumba kimoja na familia kubwa pamoja na mifugo, akaenda Marekani akiwa na miaka 15, na leo anatengeneza vitu vya kuteka maji kutoka hewa ya jangwani. Stori kama hiyo nani ataiacha? Susumu Kitagawa wa Kyoto alipata sentensi mbili tatu. Yule wa tatu, mzee Richard Robson wa Melbourne, wengi walitaja jina wakasonga.

Mimi nataka tukae kwa huyo mzee, hasa kwa kazi yake moja ya 1994 ambayo sikuiona kwa posti ya mtu yeyote. Inahusu porfirini. Na porfirini, wasee, iko ndani yenu sasa hivi mkisoma.

Ni molekuli bapa, ya duara kama pete, na katikati kuna nafasi ya atomi moja ya metali. Weka chuma hapo, umepata hemu, ile kitu inafanya damu iwe nyekundu na ibebe oksijeni. Chukua pete ambayo ni ndugu yake wa karibu, weka magnesiamu, umepata klorofili, kijani cha majani. Umeshaona sukuma wiki imepikwa na nyanya nyingi, ikakaa kwa sufuria mpaka ikawa rangi ya kaki? Asidi na moto vimeitoa magnesiamu kwa pete. Pete iko, metali imeenda.

Mtu wa kwanza kuichora hiyo pete vizuri alikuwa Mjerumani, William Küster, mwaka wa 1912. Hawakumwamini. Walisema pete kubwa hivyo haiwezi kusimama. Hata Hans Fischer wa Munich, bingwa wa hizi rangi, alikuwa na shaka kwa miaka mingi. Halafu 1929 Fischer mwenyewe akaunda hemini kwa maabara, kipande kwa kipande, na ikaonekana Küster alikuwa sahihi. Küster alifariki mwaka huohuo. Fischer akachukua Nobel 1930. Mwaka wa 1945, mabomu yakiwa yameharibu taasisi yake, alijiua. Nikisoma hii sehemu huwa nanyamaza kidogo.

Sasa pete ilikuwa inajulikana, lakini kulikuwa na tatizo lingine ambalo ndilo linanifanya niandike haya yote. Ukitoa hemu kwa damu ukaiacha huru ndani ya maji, haifanyi kazi tena. Inakutana na oksijeni, hemu mbili zinashikana, chuma kinaharibika kama kinachoota kutu. Ndani ya damu haiharibiki hivyo kwa sababu kila hemu imewekwa kwa mfuko wake ndani ya protini, mbali na wenzake. Huo mfuko pia unabadilisha tabia yake. Mnajua vile watu hufa wakilala na jiko la makaa ndani ya nyumba imefungwa? Ni kaboni monoksaidi, inashika chuma cha damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Na hapo ni kama tumepunguziwa. Hemu ikiwa huru, bila protini, inaipenda hiyo sumu maelfu ya mara. Kwa hivyo pete peke yake si kitu. Inataka nyumba.

Kwani nyumba ya porfirini inaweza kujengwa na nani kama si mwili? Hapa ndipo Robson anaingia, na anaingia kupitia mlango ambao hakuna mtu angetarajia. Mwaka wa 1974 alikuwa anaandaa masomo ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alihitaji mifano ya molekuli, mipira ya mbao na vijiti, akapeleka mipira kwa fundi itobolewe. Ilibidi amwambie fundi kila tundu likae wapi. Alipoanza kuunganisha, akaona umbo zima linajitokeza lenyewe: mahali pa tundu pameshaamua nyumba itakuwaje. Akajiuliza, na atomi za kweli je? Halafu wazo likakaa zaidi ya miaka kumi bila kujaribiwa. Mwaka wa 1989, yeye na mwenzake Bernard Hoskins walichapisha jibu: shaba kwa pembe, molekuli ndefu katikati kama mihimili, na ndani vyumba vitupu. Leo hizo nyumba tunaziita MOF.

Na 1994, ndani ya jarida la Nature, kundi hilohilo likatumia porfirini zenyewe kama ukuta. Zile pete za familia ya damu, zimepangwa safu kwa safu, kila moja imeshikiliwa mahali pake, na njia kubwa wazi zimepita katikati. Jina la kwanza kwa hiyo karatasi si Robson, ni Brendan Abrahams. Nobel haiwezi kugawanywa kwa zaidi ya watu watatu, hiyo ni sheria yao, lakini sheria ya kusimulia stori hatukuandikiwa na mtu. Hoskins na Abrahams watajwe.

Shida ya nyumba za mwanzo ilikuwa udhaifu. Nyingi zilisimama tu kwa sababu zilijaa kimiminika. Ukikausha, ukuta unaanguka. Mwaka wa 2002 kundi la Kenneth Suslick kule Illinois likatoa ya kobalti ambayo ilibaki wazi hata baada ya kukaushwa, wakaiita PIZA-1 (ndiyo, PIZA, wanasayansi nao wana njaa). Mwaka wa 2012 kundi la Hong-Cai Zhou kule Texas likatumia zirkoniamu kwa pembe na porfirini yenye chuma kwa ukuta. Hiyo PCN-222 ina njia za upana wa nanomita 3.7, na inavumilia asidi kali ya haidrokloriki, ile ya kuchoma mkono. Chuma kimekaa kwa ukuta, hakiwezi kutembelea jirani, na kinafanya kazi kama kimeng'enya cha mwilini. Miaka 18 kutoka nyumba ya Melbourne mpaka hiyo.

Cha kushangaza, kuna kiumbe kilijua kupanga hemu kwa fuwele kabla ya sisi sote: mdudu wa malaria. Anakula hemoglobini yetu, inabaki hemu huru ambayo ni sumu kwake, basi anaifunga kwa fuwele iliyobanana isiyo na vyumba. Klorokwini ilikuwa inamuua kwa kumzuia asifunge. Yeye anafunga pete zisiguswe. Wanakemia wanazipanga ili ziguswe na kila kinachopita.

Mwaka wa 2014 kundi la Wenbin Lin, Chicago, likatengeneza punje ndogo sana za MOF ya porfirini, likazidunga kwenye uvimbe wa saratani ya kichwa na shingo, kisha likamulika mwanga. Porfirini ikipigwa na mwanga hugeuza oksijeni iwe kali ya kuua seli, na kwa kuwa pete zimetenganishwa kwa ukuta, hazizimani. Kwa baadhi ya panya uvimbe ulitoweka kabisa. Panya, nasema, kwa hivyo msianze kunitumia DM mkiuliza inauzwa wapi.