Alopesia: Kukatika, Kupukutika, Kunyonyoka

Wengi wetu tulianza kulisikia neno alopesia Machi 2022, usiku ule Will Smith alipopanda jukwaani kwenye tuzo za Oscar akamzaba Chris Rock kofi kwa mzaha alioufanya juu ya kichwa cha mkewe, Jada. Kesho yake kila kijiwe kilikuwa na tabibu wake: yule mama ana "ugonjwa wa alopesia". Lakini alopesia si ugonjwa mmoja. Neno lina asili ya Kigiriki, limetokana na jina la mbweha, mnyama ambaye akipatwa na upele manyoya humwisha, na maana yake ni kwamba nywele zimetoka mahali zilipopaswa kuwepo. Basi. Daktari akikuandikia alopesia peke yake kwenye cheti, amekuambia kile ulichokwisha kukiona mwenyewe kwenye kioo.

Tafsiri inayokimbilia mdomoni ni upara. Mimi siipendi. Upara ni wa wazee wa kiume, tena ukishaingia haujadiliwi. Hakuna mama anayefika kliniki akasema mwanangu ana upara. Husema nywele zinamkatika, zinampukutika au zinamnyonyoka, na katika vitenzi hivyo kuna utabibu zaidi kuliko katika neno la Kigiriki, kwa sababu kila kimoja kinaeleza nywele zimetokaje.

Chukua zile zilizobaki kwenye kitana uzitazame kwenye mwanga. Unywele wenye kinundu cheupe kwenye ncha moja umetoka na shina lake. Ukiona vipande vifupi vifupi visivyo na kinundu, nywele zako zinakatika: dawa ya kulainisha imezidi, au pasi na draya vimezikausha. Hapo shina ni zima. Punguza ncha zilizochakaa, pumzisha kichwa na dawa na moto, na nywele zitaota kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi.

Kupukutika ni jambo jingine. Kichwa chenye afya hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku bila mtu kugundua, maana kila unywele huota kwa miaka kadhaa, hupumzika kama miezi mitatu, kisha hutoka kupisha mwingine. Wakati wa ujauzito homoni huzizuia nyingi zisiingie mapumzikoni. Mama akishajifungua zinapumzika kwa pamoja, na miezi miwili hadi minne baadaye zinamjaa mkononi kila akichana. Homa kali, upasuaji au kukonda kwa ghafla huleta hali hiyo hiyo, na ule muda wa kati ndio unaowachanganya watu. Mtu aliugua malaria mwezi Machi, nywele zinapukutika Juni, analaumu shampuu aliyoinunua Mei. Istilahi ya kitabibu hapa ni ndefu na inatisha bure, wakati upukutikaji wa nywele unatosha kabisa. Mara nyingi huisha wenyewe ndani ya miezi sita hadi mwaka. Ukiendelea, pimwa damu, madini ya chuma na tezi ya shingo kabla ya kununua mafuta ya bei mbaya.

Sasa kunyonyoka. Najua mtaani tunalitumia kwa kila namna ya kutoka nywele, lakini ndani yake kuna kunyonyoa, na kunyonyoa kuna mkono unaovuta. Mwaka 1907 hali hii ilielezwa kitabibu kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakizivuta nywele juu na kuzifunga kwa nguvu. Kwetu hatuhitaji kwenda mbali. Msichana anatoka saluni na rasta ndefu, ngozi ya kipaji imevutika mpaka nyusi zimepanda, usiku analalia kifua na Panadol mbili tumboni. Siku ya tatu vipele vyenye usaha vinatokeza kando ya masikio. Msusi alimwambia avumilie, zitalegea. Zinalegea kweli, ila kwa sababu baadhi zimeachia shina.

Hali hii huanzia kwenye kipaji na pembeni, ambako nywele ni nyembamba, na mara nyingi huacha mstari mwembamba wa vinywele vifupi mbele kabisa, ambavyo havikushikika kwenye msuko. Mstari huo humsaidia daktari kutambua kilichotokea. Hatari ni kubwa zaidi kwa nywele zilizotiwa dawa kisha zikabebeshwa rasta nzito. Watoto nao wamo: mabutu yaliyobanwa kwa mipira wiki hadi wiki hufanya kazi ile ile. Napendekeza tuite unyonyokaji wa mvuto. Ukiwahiwa, tiba ya kwanza ni kufumua, na kuanzia hapo kusuka kwa kulegeza, kwa nywele chache za kuongezea. Daktari anaweza kutuliza uvimbe kwa dawa, au kutoa minoksidili ya kupaka. Ukiachwa kwa miaka, matundu ya nywele huziba.

Watoto wana lao, na hilo Kiswahili kimeshalipa jina: mapunye, au mashilingi kama wasemavyo wengi Kenya. Ni fangasi wanaohama kwa kitana, kofia na mashine ya kunyolea isiyosafishwa. Mabaka huwa na magamba na vipande vya nywele zilizokatikia usawa wa ngozi, na tezi za shingoni zinaweza kuvimba. Ndimu, kitunguu saumu na mafuta ya taa haviponyi, na krimu pekee haitoshi, kwa kuwa haifiki ndani ya tundu la unywele alikojificha fangasi. Dawa ni ya kumeza, kwa mfano griseofulvini kwa wiki sita hadi nane, pamoja na chakula chenye mafuta ili iingie vizuri mwilini. Wazazi wengi huiacha wiki ya tatu, magamba yakianza kupotea. Wakati mwingine kichwa huvimba na kutoa usaha kama jipu. Asikipasue mtu, ni fangasi yule yule, na dawa ni hizo hizo za kumeza.

Baka likiwa la mviringo, laini, halina magamba wala maumivu, huenda kinga ya mwili inayashambulia mashina ya nywele. Hapo huchomwa sindano za steroidi kwenye baka lenyewe. Kwa watu wazima waliopoteza nyingi, Marekani iliidhinisha vidonge vya barisitinibu Juni 2022, ila bei yake ni kubwa mno.

Neno upara ningelibakiza mahali pamoja tu: upara wa kovu. Aina yake inayowapata zaidi wanawake weusi huanzia utosini na kutanuka taratibu kuelekea pembeni, pengine kwa kuwasha au kuunguza, pengine kimya kimya. Zamani lawama zote zilitupiwa kitana cha moto, lakini mwaka 2019 watafiti waliwakuta baadhi ya wagonjwa na hitilafu ya kijeni. Daktari hukata kipande kidogo cha ngozi kukipima, kisha hutibu ili kovu lisitanuke, kwa sababu tundu lililokwisha kuwa kovu halioti tena. Kwa hiyo anayehisi utosi unamuunguza, na vidole vinagusa ngozi palipokuwa na nywele, amwone daktari wa ngozi mwezi huu huu, asingoje kufumua msuko wa sikukuu.